Stata Pole: Jina la Kifaa na Usalama wa Mota

Anayepita asubuhi katika mitaa ya Tandale, wilayani Kinondoni, au Tandika na Mbagala, wilayani Temeke, hana budi kuzisikia mashine za kusaga na kukoboa nafaka. Mwenye mashine anapowasha, kwanza husikika mvumo mzito wa sekunde chache. Taa za duka la jirani hufifia. Mkanda hulia juu ya puli. Kisha mashine hushika mwendo wake na taa hurudia mwanga wake. Wakazi wa mitaa hiyo wamekwisha kuzoea, na wengi hudhani kwamba ndivyo umeme ulivyoumbwa. Kumbe katika sekunde hizo chache mota hupata mateso isiyoyapata katika saa nzima ya kazi, na pamoja nayo huteswa nyaya, mikanda na beringi.

Kipo kifaa kinachopunguza mateso hayo, na sasa kinauzwa hata katika maduka ya kawaida ya vifaa vya umeme. Kiingereza hukiita kwa maneno mawili ambayo, yakifasiriwa neno kwa neno, maana yake ni "kianzishi laini". Nia ya makala haya ni kueleza kifaa hicho kinafanya nini na hakifanyi nini, kisha kupendekeza kiitwe nani katika Kiswahili. Tunaomba msomaji asidhani kuwa mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

Kilichotusukuma kuandika ni karatasi moja. Mwenye kinu mmoja wa Mbagala alituonyesha maelezo yaliyofungwa pamoja na kifaa hicho, yakiwa yametafsiriwa na mtu tusiyemjua. Juu ya karatasi kifaa kiliitwa "kinga laini ya mota". Mwenye kinu alisoma neno "kinga", akafurahi, akamwagiza fundi aondoe vifaa vya zamani vilivyokuwa vikilinda mota, kwa hoja kwamba vitu viwili vya kazi moja ni gharama ya bure. Fundi alimtii aliyemlipa. Kifaa chenyewe kilikuwa cha aina nyepesi, kisicho na ulinzi wowote ndani yake. Haukupita muda, fezi moja ikakatika juu ya nguzo, mota ikaendelea kuvuma kwa fezi mbili zilizobaki, na koili zikaungua. Kifaa hakikuwa na hitilafu. Kilifanya kazi iliyokusudiwa na waliokiunda. Hitilafu ilikuwa katika neno.

Ili kuelewa kwa nini neno hilo lilikuwa baya, yafaa kwanza tutazame jinsi mota inavyoanza kazi. Mota nyingi za vinu, za pampu za visima na za mashine za kuranda mbao kama zile za Keko ni mota za fezi tatu za aina ya induksheni. Nikola Tesla alipata hataza za mota inayoendeshwa na uga wa sumaku unaozunguka mwaka 1888 huko Marekani, na mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrowolsky, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, aliunda mota ya fezi tatu ambayo sehemu yake ya kuzunguka imeundwa kwa vipande vya metali vilivyopangwa mfano wa kizimba. Muundo huo ungali uleule hadi leo. Koili zilizomo katika sehemu tuli hupewa umeme wa fezi tatu, unaopanda na kushuka kwa kupokezana, na kwa kupokezana huko huzaliwa uga wa sumaku unaozunguka ndani ya mota. Umeme wetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hiyo uga wa mota yenye ncha nne za sumaku huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Uga huo unapovipita vile vipande vya metali huzalisha mkondo ndani yake, na mkondo huo huburutwa na uga. Ndipo mota inapozunguka.

Basi, hali ikoje mota ingali imesimama? Uga huvipita vipande hivyo kwa kasi yake yote, na mkondo unaozalishwa ni mkubwa mno. Mota iliyosimama ni sawa na transfoma ambayo upande wake wa pili umeunganishwa kwa waya mtupu. Ndiyo sababu mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi mara nane ya ule wa kawaida. Tuchukue mota ya kilowati 15, yaani nguvufarasi 20 hivi. Ikifanya kazi yake kamili kwa volti 400 huvuta takriban ampea 28. Ikiwashwa, kwa kipimo cha mara sita, huvuta ampea 168. Joto linalozalishwa ndani ya koili halikui kwa kadiri ya mkondo, bali kwa kadiri ya mkondo uliozidishwa kwa wenyewe: mkondo wa mara sita huleta joto la mara 36. Nguvu zinazozisukuma na kuzitikisa koili hukua kwa kanuni hiyohiyo, na kila tikiso hupunguza kidogo uimara wa kihami kinachozifunika.

Na hapo hatujazungumzia waya wa mtaani. Nyaya zinazopoteza volti 10 mkondo ukiwa ampea 28 zitapoteza takriban volti 60 mkondo ukiwa ampea 168, na mota iliyotazamia volti 400 itapata kama 340. Nguvu ya mota ya kuzungusha hupungua upesi kuliko volteji yenyewe: kwa volti 340 hubaki asilimia 72 tu ya nguvu ya kuanzia. Kinu kilichopo mwisho wa laini ndefu huanza kwa shida zaidi, huvuta mkondo mkubwa kwa muda mrefu zaidi, na jirani hukaa gizani zaidi. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024 na kukusudiwa kutoa megawati 2,115, ni jambo la kushukuru. Lakini umeme mwingi bwawani si dawa ya waya mwembamba wa mtaani.

Dawa ya kwanza ya tatizo hili mafundi wetu wanaijua kwa muda mrefu, nayo ni ile waiitayo stadelta. Koili tatu za mota huunganishwa kwanza kwa umbo la nyota, ambapo kila koili hupata volti 230 badala ya 400. Mota ikishakolea mwendo, kontakta hubadilisha muungano na kuufanya wa pembetatu. Wakati wa nyota, mkondo wa laini na nguvu ya kuzungusha hushuka vyote viwili hadi theluthi moja. Ni njia nzuri na ya bei nafuu, ila ina ngazi mbili tu, na mota inaporuka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili hupata pigo ambalo mara nyingine halipungui sana kuliko lile tulilotaka kulikwepa.

Kifaa tunachokijadili hufanya kazi bila ngazi. Ndani yake, katika kila fezi, zimo thairista mbili zilizoelekezana kinyume, jumla yake sita. Thairista ni kitu kidogo cha nusukipitishi kilichoundwa Marekani katika kampuni ya General Electric mwaka 1957. Mfano wake ni mlango ambao hukaa umefungwa mpaka upewe ishara, na ukishafunguka haufungi mpaka mkondo unaopita uishe. Umeme wetu hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na kila mara mlango hufungwa na kungoja ishara mpya. Ishara ikichelewa, hupita mkia tu wa wimbi. Ikiwahi kidogo, hupita zaidi. Mota inapowashwa, ishara hucheleweshwa kwa makusudi, kisha katika muda wa sekunde tano, kumi, au hata zaidi, huwahishwa kidogo kidogo mpaka wimbi zima lipite. Mota huona volteji ikipanda kama maji yanavyojaa pwani, si kama wimbi linalopiga jabali. Mwishoni kontakta moja hujifunga na kuuchukua mkondo wote kwa njia ya pembeni, maana thairista zinazopitisha mkondo mkubwa kutwa nzima hupata joto bure.

Faida zake ni za hakika. Mkondo wa kuwashia hupungua na taa za jirani hazifi. Mkanda hauteleza wala kulia, na puli na beringi hazipati pigo. Katika pampu kuna faida nyingine kubwa, nayo ni wakati wa kuzima: pampu ikikatwa ghafla, maji yaliyokuwa yakipanda bombani husimama na kurudi kwa pigo linaloweza kupasua viungo, ilhali volteji ikishushwa taratibu maji nayo hutulia taratibu. Mwenye kisima kirefu aliyewahi kuchimbua bomba lililopasuka hatahitaji maelezo zaidi.

Sasa tuje kwenye yale ambayo kifaa hiki hakiyafanyi, na hapa ndipo mtafsiri anapopaswa kuwa macho kuliko fundi.

Kwanza, kwa asili yake si mlinzi wa fezi. Fezi moja ikikatika mota ikiwa kazini, mbili zilizobaki hubeba mzigo wa tatu, na mkondo wake hupanda kwa takriban asilimia 73, kama si zaidi. Kinachoiokoa mota hapo ni relei inayohisi kupotea kwa fezi, au relei ya mkondo uliozidi ambayo mafundi huiita ovalodi. Yapo matoleo ya bei kubwa yaliyojengewa ulinzi huo ndani yake, na yapo mengi yasiyo nao. Jina la jumla haliwezi kuahidi kitu ambacho baadhi tu ya vifaa vya aina hiyo vinacho.

Pili, kifaa hiki hupunguza volteji, hakiiongezi. Umeme ukiwa mdogo jioni, kifaa hakitauongeza hata kwa volti moja.

Tatu, na hili hata wauzaji wengi hawalijui, hakiondoi joto lote la kuwasha. Mota inapoharakisha kinu kitupu kutoka kusimama hadi kasi kamili, joto linalozalishwa katika sehemu ya kuzunguka hulingana na nishati ya mwendo ambayo kinu kimeipata, iwe kimewashwa upesi au taratibu. Ukipunguza mkondo, muda hurefuka, na jumla ya joto hubaki palepale. Kinu kikiwa na mzigo hali ni mbaya zaidi. Volteji ikiwa nusu, nguvu ya kuzungusha ni robo; robo hiyo huenda isitoshe kukizungusha kinu kilichojaa mahindi, na mota husimama ikivuma huku ikipashwa moto. Hili si jambo la kubuni katika mitaa yetu. Umeme hukatika kinu kikiwa katikati ya kusaga, nafaka hubaki ndani, umeme hurudi, na msagaji mwenye foleni ya wateja hubonyeza kitufe papo hapo. Kwa kinu kilichofungwa kifaa hiki, kosa hilo ni baya kuliko zamani.

Nne, kifaa hiki hakitengi umeme. Thairista iliyofungwa si sawa na swichi iliyofunguliwa, kwa kuwa hupitisha mkondo mdogo, na palipo na mkondo huo ncha za mota zinaweza kuwa na volteji ya kuua ingawa mota imesimama kimya. Fundi anayetaka kuigusa mota lazima azime swichi kuu. Karatasi ile ya Mbagala ilisema, "Ukizima kinga laini, umeme umekatika." Sentensi hiyo fupi, yenye sarufi safi kabisa, inaweza kumuua mtu.

Baada ya hayo tunaweza kuyapima majina. Tumekusanya yale tuliyoyakuta katika karatasi za maelezo, katika vinywa vya mafundi na katika maandishi ya walimu wa ufundi.

"Kinga ya mota" tumekwisha kuliona. Ni jina la ahadi, si la kazi, na tunaliomba liachwe kabisa.

"Kiwashi laini" na "stata laini" ni tafsiri za neno kwa neno. Katika Kiswahili ulaini ni wa kitambaa, wa ngozi, wa unga. Msagaji tuliyemtajia "stata laini" aliuliza kwa haki kabisa kama ni ya kusagia unga laini. Zaidi ya hayo, kuna "laini" nyingine iliyoingia kwa mlango wa pili: laini ya umeme, laini ya simu. Fundi akisikia "stata ya laini" ataitafuta juu ya nguzo.

"Stata taratibu" lilitupendeza mwanzoni, maana mtu huambiwa aende taratibu na akaelewa. Lakini makala haya yanasomwa na watumishi wa ofisi pia, nao wanajua kuwa taratibu ni wingi wa utaratibu. "Stata ya taratibu" katika orodha ya ununuzi wa wilaya itaulizwa ni taratibu za idara gani.

"Kipandishi" lina ubora wa kueleza kinachotokea, yaani volteji kupandishwa. Ubaya wake ni kwamba huongeza kosa la pili tulilolitaja: mtu mwenye umeme mdogo atakinunua akitumaini kuongezewa. Kuna transfoma za kupandisha volteji, na jina hilo ni haki yake.

Mafundi vijana wa Tandika walitupa "stata ya mdogomdogo". Tunakiri kwamba kwa uwazi limeyapita yote. Halitafaa katika mitihani wala katika zabuni, lakini mwalimu anayelitumia karakanani kwa siku ya kwanza hatakuwa amekosea.

Sisi tunapendekeza "stata pole". Kivumishi -pole si cha watu peke yao. Husemwa upepo mpole na moto mpole, na hapo maana yake ni nguvu isiyoshambulia, ambayo ndiyo maana tunayoitaka. Hakiahidi ulinzi, hakiahidi nyongeza ya volteji. Najua upo mzaha utakaofanywa, kwamba mota ikiungua itapewa pole. Mmoja wetu alikwisha kuufanya kabla ya kikao kwisha. Upatanisho wa kisarufi usisahauliwe: stata pole, lakini uwashaji mpole na uzimaji mpole.

Lakini hata neno "stata" lina mtego ambao hatukuuona mpaka tulipoanza kuandika. Sehemu tuli ya mota, ile yenye koili, huitwa katika Kiingereza kwa neno ambalo likiandikwa kwa matamshi ya Kiswahili nalo huwa "stata". Fundi akimwambia mwenye mali, "Stata imeungua," je, ni kile kifaa cha ukutani kinachofunguliwa kwa skrubu nne na kubadilishwa, au ni koili, ambazo zitahitaji mota ifunguliwe na kupelekwa kwa fundi wa kusuka? Tofauti ya gharama ni kubwa, na ugomvi wa namna hiyo unaweza kuzuka bila mtu yeyote kusema uongo. Tunashauri "stata" iachiwe kifaa cha kuwashia, kwa kuwa ndivyo watu wanavyoisema tangu enzi za magari, na ile sehemu ya mota iitwe kwa uwazi "sehemu tuli". Mwenzake ni "sehemu ya kuzunguka". Fundi anaposema "koili" aachwe aseme koili.

Jambo jingine ni fezi. Wako watafsiri waliojaribu kuiita "awamu", wakaandika "umeme wa awamu tatu". Neno awamu tayari lina kazi. Lina serikali za awamu, na lina mradi wa kupeleka umeme vijijini awamu ya tatu, uliozinduliwa mwaka 2017. Mwananchi anayeambiwa kwamba kinu chake kinahitaji umeme wa awamu tatu anaweza kungoja mradi ufike kijijini kwake badala ya kuomba laini ya fezi tatu. Fezi tatu si vipindi vinavyofuatana. Ni mawimbi matatu yanayokuwapo kwa wakati mmoja, kila moja likitanguliwa na mwenzake kwa theluthi ya mzunguko. Neno fezi halina asili ya Kibantu, lakini linasemwa na kila fundi kutoka Bunju hadi Mbagala, na halina maana nyingine ya kulichanganya.

Tunajua kwamba wapo watakaotushutumu kwa kukopa. Ni kweli kwamba kanuni inayofuatwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, humtaka mwunda istilahi aanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, ndipo akope kutoka mbali. Tumeanza huko. Lakini neno linalosemwa kila siku katika karakana za Chang'ombe limekwisha kuwa la Kiswahili, hata kama lilitoka ng'ambo. Kulifukuza ili kuweka neno jipya lisilojulikana na yeyote ni kuwaandikia mafundi lugha ambayo lazima waifasiri tena kabla ya kugusa waya. Anayefundisha ufundi hapa mjini hueleza kwa Kiswahili akiwa ameshika kitabu cha Kiingereza. Kati ya kitabu na mdomo wake ndipo makosa huzaliwa.

Istilahi nyingine za kifaa hiki tunazipitia kwa haraka. Volteji ambayo mota hupewa mwanzo kabisa iitwe "volteji ya kuanzia". Muda kutoka hapo hadi volteji kamili ni "muda wa kupandisha". Ampea ambazo kifaa hakitaruhusu zipitwe wakati wa kuwasha ni "kikomo cha mkondo". Ile kontakta ya pembeni tunaiita "kontakta ya mchepuo", kwa mfano wa barabara ya mchepuo inayoukwepa mji. Tungeweza kusema mchepuko, ila vijana wameupa neno hilo kazi nyingine kabisa, na mwalimu atakayelitamka mbele ya darasa hatasikilizwa tena siku hiyo.

Kuhusu vitenzi tunaomba uangalifu wa pekee. Mota "huwashwa" na "huzimwa". Hivyo ndivyo watu wasemavyo, na hakuna haja ya "kuanzishwa", ambako ni kwa vyama na mashamba. Lakini "kuzima" kusichukuliwe kuwa ni "kutenga". Kuzima ni kuisimamisha mota. Kutenga ni kuikatia umeme kwa swichi kuu ili mtu aiguse kwa usalama. Tena isiandikwe kamwe kwamba stata pole "hupunguza mshtuko wa umeme", ingawa aliyeandika atakuwa alikusudia pigo linaloipata mota. Msomaji atafahamu mshtuko unaompata mtu, na ataisogelea mota bila hofu. Iandikwe kwamba hupunguza pigo la kuwasha.

Ili kuyajaribu maneno haya tuliandika tangazo la kubandikwa ukutani katika nyumba ya kinu, tukawasomea wasagaji wawili na fundi mmoja, kila mmoja peke yake, na kumtaka aeleze alivyofahamu. Baada ya masahihisho mawili matatu lilikuwa hivi:

"Mota hii ni ya fezi tatu na huwashwa kwa stata pole. Kabla ya kuwasha, hakikisha kinu ni kitupu. Umeme ukikatika wakati wa kusaga, toa nafaka kwanza. Baada ya kubonyeza kitufe ngoja mwendo ukamilike ndipo umimine nafaka. Mota ikivuma bila kuzunguka, zima mara moja, usijaribu tena, mwite fundi. Stata pole si kinga: ovalodi na relei ya fezi zisiondolewe. Kuzima si kutenga: usiguse mota wala waya wake mpaka swichi kuu izimwe."

Msagaji wa kwanza alifahamu yote isipokuwa neno "mwendo ukamilike", akashauri tuandike "mpaka sauti itulie", nasi tumekubali. Wa pili aliuliza kwa nini asijaribu tena, hali zamani alikuwa akijaribu mara tatu na mashine inaondoka. Tulimweleza habari ya joto linalojumlika kila anapobonyeza, naye akamgeukia mwenziwe na kusema kwamba basi ile mota ya mwaka jana waliiua wenyewe.